Familia ya Baba, Mama na Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za familia, na huko ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu hupelekwa Mahakama ya Kadhi.

Neno moja kabla ya kuanza. Zamani ukoo ndio uliokuwa shahidi wa kila jambo: nani kamuoa nani, mtoto huyu ni wa nani, shamba linaishia kwenye mti upi. Mume na mke waliopanga vyumba viwili mjini, mbali na kwao, hawana shahidi huyo. Ndiyo maana utaona majibu mengi hapa yanarudi kwenye karatasi, saini na tarehe.

Familia ya msingi ni nini hasa?

Ni mume, mke na watoto wao, wa kuwazaa au wa kuwaasili. Wengine huiita familia kiini. Wakiongezeka babu, bibi, wajomba, mashangazi na watoto wao, hiyo ni familia pana, ambayo wengi wetu tunaiita "ukoo" hata pale ambapo ukoo wenyewe ni mkubwa zaidi ya hapo.

Aliyeipa familia ya msingi uzito katika elimu ya jamii ni Mmarekani George Peter Murdock. Mwaka 1949, baada ya kulinganisha jamii 250, alisema kila jamii inayo, na kwamba ina kazi nne: kusimamia mahusiano ya kimwili, uzazi, uchumi wa nyumbani na malezi. Dai la "kila jamii" lilipingwa mapema, hasa kwa mfano wa Wanayar wa Kerala, India, ambao zamani mume hakuishi na mkewe. Mke alibaki nyumbani kwa mama yake, na watoto walilelewa chini ya mjomba. Hata hivyo zile kazi nne bado zinasaidia kupima: nyumba yako ikiyumba, jiulize ni ipi kati ya hizo haina mtu wa kuifanya.

Kwa nini mtoto wangu ana "baba" watatu?

Kwa sababu Kiswahili hakijengi ukuta hapo. Kaka yake baba ni baba mkubwa au baba mdogo, dada yake mama ni mama mkubwa au mama mdogo, na watoto wao ni kaka na dada zako. Mipaka ipo upande wa pili: kaka yake mama ni mjomba, dada yake baba ni shangazi, na watoto wao ndio mabinamu.

Hili lina madhara ya kweli kwenye fomu. Mtu anaandika "mtoto" akimaanisha mtoto wa kaka yake, hana uongo moyoni, lakini ofisi inasoma mtoto wa kumzaa. Siku ya kudai mafao cheti cha kuzaliwa kinaonyesha jina la baba mwingine na dai linarudishwa. Kwenye fomu yoyote andika uhusiano kama ulivyo kwenye vyeti, si kama unavyoitana nyumbani.

Kaya na familia ni kitu kimoja?

Hapana. Kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja, wawe ndugu au wasiwe. Dada wa kazi yumo kwenye kaya yako lakini hayumo kwenye familia yako. Mwanao aliye bweni ni wa familia, ila usiku wa sensa alihesabiwa kule alikolala. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Watu huitumia namba hiyo kusema kwamba familia pana imekufa. Haisemi hivyo. Inaonyesha wangapi wanakula chungu kimoja, haionyeshi wangapi wanategemea mshahara mmoja.

Je, familia ya msingi ni mtindo wa kigeni?

Baba, mama na watoto wamekuwepo kwetu siku zote. Kilichobadilika ni uzito wao mbele ya ukoo. Kwa Waluguru wa Morogoro, ambao hufuata ukoo wa mama, ardhi ilipita kwa mama na mjomba alikuwa na sauti kubwa kuliko baba mzazi. Kwa Wachaga kihamba, yaani shamba la familia, kilitoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Kwa Wakurya wa Mara ipo nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humuoa mwanamke mwingine ili apatikane wa kuendeleza nyumba. Ukiangalia mifano hiyo utaona kwamba "nyumba" ilikuwepo, ila haikusimama peke yake.

Mume mwenye wake wawili ana familia moja au mbili?

Kwa hesabu ya elimu ya jamii ni mbili zinazoshirikiana mume mmoja, na maisha ya kila siku yanakubali: kila mke ana jiko lake na watoto wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kuongeza mke juu yake. Katika ndoa ya wake wengi, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi dhidi ya ndoa mpya, kwa mfano akionyesha kuwa kipato cha mume kitaiingiza nyumba yake kwenye dhiki.

Tumeishi pamoja bila kufunga ndoa. Miezi sita ikipita si tumeshaoana?

Miezi sita haimo kwenye sheria yoyote, ingawa utaisikia kila mtaa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinataja miaka miwili au zaidi, tena kwa namna ambayo watu waliowazunguka wanawajua kuwa mume na mke. Hapo mahakama inachukulia kwamba mlioana. Lakini dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Ikigundulika kuwa mwanamume tayari alikuwa kwenye ndoa ya mke mmoja kwingine, inavunjika. Hata ikivunjika, mwanamke bado anaweza kuomba mahakama impe amri ya matunzo yake na ya watoto.

Anayesema "sisi tunajuana, cheti cha nini" anafikiria siku za amani. Cheti kinatafutwa siku ya msiba, mbele ya mashemeji ambao hawakuwahi kukuita wifi.

Mkitaka kuhalalisha: toeni taarifa ya kusudio la kuoana kwa msajili au mfungishaji ndoa angalau siku 21 kabla. Tangazo linabandikwa, pingamizi lisipokuja ndoa inafungwa mbele ya mashahidi, na mnapewa cheti. Kagueni majina papo hapo. Herufi moja iliyopotea kati ya cheti cha ndoa na kitambulisho cha taifa (NIDA) itawagharimu kiapo kila mahali mtakapokwenda.

Mahari haijamalizika kulipwa. Ndoa ni halali?

Ndiyo. Kifungu cha 41 kinasema kasoro katika mahari haibatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine. Deni la mahari libaki kati ya familia mbili, lisigeuzwe sababu ya kumrudisha binti kwao.

Umri wa kuoa na kuolewa ni upi?

Sheria ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi huo mwaka 2019. Usimwozeshe aliye chini ya miaka 18.

Nyumba tuliyojenga ni ya nani?

Ndoa peke yake haifanyi mali ya mmoja kuwa ya wote. Mlichokuja nacho kila mmoja kinabaki chake. Mlichochuma pamoja ndani ya ndoa ni mali ya ndoa, na ikivunjika mahakama hugawa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani na malezi nazo ni mchango. Kwa hiyo mke asiye na mshahara si mgeni ndani ya nyumba yake. Lakini mahakama inapima, haigawi nusu kwa nusu kwa mazoea, na mwenye ushahidi husikika vizuri zaidi.

Nyumba ya kuishi ina ulinzi wa ziada. Mwenza mmoja haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Benki makini itaomba saini ya mwenza. Tatizo huja pale mkopaji anapoapa kuwa hajaoa. Ukiwa na wasiwasi, nenda ofisi ya ardhi ukaweke zuio juu ya hati kabla mkopo haujatolewa. Baada ya mnada kutangazwa kazi ni ngumu mara kumi.

Mkinunua kiwanja sasa, andikeni majina mawili, kisha chagueni kwa kujua. Kwenye umiliki wa pamoja, mmoja akifariki nyumba inabaki kwa aliyebaki. Kwenye umiliki wa hisa, sehemu ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Wengi husaini bila kuuliza tofauti hiyo. Na kama kiwanja hakijapimwa, mkataba wa mauziano mbele ya serikali ya mtaa nao uwe na majina yote mawili, majirani wa mipaka wasaini, na kila mmoja wenu abaki na nakala.

Mshahara unaishia kwa ndugu. Tufanyeje bila kuonekana tuna roho mbaya?

Hapa ndipo nyumba nyingi changa zinapovunjika, kwa hiyo tukae kidogo. Kosa la kwanza ni kila mmoja kutuma kwao kimyakimya. Kosa la pili, kubwa zaidi, ni kukata kabisa: siku mtoto akilazwa, hao hao ndio watakaolala wodini.

Kinachofanya kazi ni kuupa ukoo fungu lenye kiasi kinachojulikana. Chukua mfano wa mapato ya Sh 800,000 kwa mwezi. Kodi 150,000, chakula na gesi 280,000, nauli 90,000, shule 80,000, umeme na maji 40,000, akiba ya dharura 60,000, wazazi wa pande zote mbili 60,000, michango ya harusi na misiba 25,000, na 15,000 inabaki. Namba zenu zitakuwa nyingine. Muhimu ni mambo matatu. Wazazi wa mke na wa mume wako kwenye fungu moja, linalotolewa tarehe ile ile. Harusi na misiba vina fungu lake lenye kikomo, likiisha mwezi huu ahadi inasubiri mwezi ujao. Na kila ombi kubwa linajibiwa na yule ambaye ndugu ni wake, ili mkwe asigeuzwe mlinzi wa pochi.

Kodi ya nyumba inahitaji uangalifu wake. Wenye nyumba wengi hudai miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hiyo 150,000 ya kila mwezi isiguswe, iwekwe kando kwenye akaunti au kikundi, la sivyo mwezi wa sita utawakuta mnakopa.

Mama mkwe amehamia kwetu. Nani mwenye kauli?

Yeye ni mzazi, heshima yake haina mjadala. Lakini jiko haliwezi kuwa na wakuu wawili. Mambo ya kupanga kabla hajafika: atalala chumba gani, dawa na matibabu yake yatalipwa na nani kati ya watoto wake wote, anakaa kwa muda gani, na mtoto akikosea nani anamwadhibu. Mwenye kumweleza ni mwanawe wa kumzaa. Mkwe akisema jambo lile lile, linasikika kama kufukuzwa.

Bima ya afya inamhesabu nani?

Kwa watumishi wa umma, utaratibu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) umekuwa mwanachama, mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, nayo iliweka kaya ya watu 6 kwa Sh 30,000 kwa mwaka. Ukiwa na watoto wanne nafasi zimejaa na wazazi hawamo, na ndugu wawe na mpango mwingine wa kuwatibu. Gawaneni wazazi: kaka amwandikishe baba, dada amwandikishe mama. Wengi humwandikisha mzazi mmoja mara mbili na kumwacha mwingine.

Tunamlea mtoto wa marehemu dada. Ana hadhi gani?

Kulea kwa makubaliano ya ukoo hakukupi nguvu za mzazi kisheria. Shule itakupokea, lakini pasipoti, upasuaji na mali aliyoachiwa vitakwama. Anzeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye atawaelekeza kwenye ulezi wa kisheria. Mkitaka awe mwana wenu kamili, njia ni kuasili kupitia Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Na mali ya wazazi wake isichanganywe na yenu hata siku moja. Fungueni akaunti tofauti na muweke risiti.

Hatuna bibi wa kutulelea. Tukimchukua dada wa kazi, tuzingatie nini?

Umri kwanza: sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 hapaswi kufanya kazi za hatari. Mtoto mwenye umri wa kwenda shule asilee mtoto mwingine. Andikeni mkataba: kazi zipi, saa za kupumzika, siku ya mapumziko, mshahara unalipwa tarehe ngapi. Alipwe yeye, mkononi au kwenye simu yake, si aliyemleta.

Kabla ya hapo tumieni haki zenu kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baadaye hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Baba ana siku 3, azichukue ndani ya siku saba tangu kuzaliwa kwa mtoto. Ni chache mno, na baba asipoziomba zinapotea.

Cheti cha kuzaliwa kina haraka gani?

Andikisha ndani ya siku 90. Ukichelewa, unaombwa ushahidi wa ziada. Chini ya mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa watoto walio chini ya miaka mitano, mikoa mingi huandikisha bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Jina la baba liandikwe wakati huo huo.

Tumegombana hadi mwisho. Tunaanzia wapi?

Kikao cha wazee ni kizuri, ila mahakama haikitambui kama hatua. Kabla ya kudai talaka lazima shauri lipite kwenye Bodi ya Usuluhishi wa Ndoa, iwe baraza la kata au ya taasisi ya dini inayotambuliwa, na bodi itoe hati kuwa usuluhishi umeshindikana. Mashauri mengi hutupwa kwa kukosa hati hiyo. Ndoa isiyofikisha miaka miwili haivunjwi bila ruhusa maalumu ya mahakama. Kipigo si ugomvi wa kusuluhishwa: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa hakimpi mwanandoa yeyote haki ya kumpiga mwenzake. Nenda dawati la jinsia polisi, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali.

Watoto walio chini ya miaka saba hudhaniwa ni vema wakae na mama, isipokuwa mahakama ione sababu ya kinyume. Matunzo yao yanabaki wajibu wa baba popote watakapoishi.

Mume au mke akifariki, hatua ni zipi?

Andikisha kifo ndani ya siku 30 na upate cheti. Kisha kikao cha ukoo kinakaa na kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Mjane na watoto wakubwa wawemo, wasaini muhtasari, na wasisaini karatasi ambayo hawajasomewa. Muhtasari na cheti vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipoishi, kwa mirathi ya mila au ya Kiislamu, pamoja na Fomu Na. 1 ya maombi. Mahakama hutoa tangazo, husikiliza mapingamizi, na kumteua msimamizi. Ana miezi minne kuwasilisha Fomu Na. 5, yenye orodha ya mali na madeni, na Fomu Na. 6, yenye hesabu za mgawo.

Msimamizi si mrithi wala mmiliki. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Mashemeji wengi hukaa ndani ya nyumba ya mjane miaka kumi wakitikisa barua ya usimamizi. Ukiona miezi minne imepita bila fomu, rudi mahakama ile ile uombe aitwe atoe hesabu, na ikibidi aondolewe.

Mgawo unategemea sheria inayotumika. Kwa Waislamu mjane mwenye watoto na marehemu hupata moja ya nane, mgane moja ya nne, na binti nusu ya fungu la kijana. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, inayotumika kwa wengi waliofunga ndoa ya Kikristo na kuishi nje ya mila, mjane hupata theluthi na watoto theluthi mbili. Kwa kanuni za mila zilizoandikwa 1963, mjane hana fungu: atunzwe na watoto wake. Kanuni hiyo inaumiza, na dawa iliyo mikononi mwenu leo ni majina mawili kwenye hati, na wosia.

Wosia unaandikwaje?

Kwa taratibu za mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji angalau mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua anahitaji wanne, wawili na wawili. Mwenza aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Mrithi mwingine asiwe shahidi. Mwislamu hausii zaidi ya theluthi ya mali. Weka tarehe, taja mali kwa namba ya kiwanja na akaunti, na hifadhi nakala RITA, kwa wakili, benki, kanisani au msikitini. Wosia uliofungiwa kabatini hukutwa na mtu wa kwanza kufungua kabati.

Mjane analazimika kurithiwa na shemeji yake?

Hapana. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinamwacha huru kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume atakayemchagua mwenyewe.